Mgongo wa Mama Hwanil

"Nani amelibandua andiko langu?" Sundeok aliuliza, beseni lingali mkononi. "Nimelibandika kwa mikono yangu juu ya kitanda changu, nikalifunika nailoni mvuke usiliharibu. Leo naingia, nakuta gundi tu. Ukuta ni wako, Bosi, sikatai, lakini mtu huulizwa!"

"Nimelibandua mimi," alisema Mama Hwanil. Hakuinua hata macho. Alikuwa akipanga mayai ya kuchemsha kwenye kidirisha cha kukatia tiketi, moja moja, kama anayepanga ugomvi. "Na nikisikia neno jingine nitakubandua na wewe."

Katika hamamu ile ya Gunsan, mji wa bandari wa Korea, wote walijua kuwa Sundeok akimwita Mama Hwanil mwenye hamamu "Dada", mambo ni shwari. Akimwita "Bosi", maji yamechemka.

"Kosa langu nini?"

"Kosa lako liko kwenye mgongo wa Mama Jeongmi. Amekuja hapa jana, kapandisha blauzi mbele ya wateja wangu wanaokunywa togwa yao, tukaona wekundu kama samaki aliyeparwa magamba. Nikamwuliza, umeungua? Akanijibu, sikuungua, nimehubiriwa."

Sundeok alishusha beseni. "Nilikuwa kwenye Mwana Mpotevu," alisema, sauti imepungua. "Nikajisahau."

"Ukajisahau! Umeanza kumsugua Mama Jeongmi kijana akiwa bado kwa nguruwe, ukaja kumwacha kijana kashafika kwa babaye, kashavishwa na pete, na muda wote huo ni bega moja tu! Sasa nisikilize. Kutoka leo mpaka Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi sitaki kusikia Yesu humu ndani. Lalamiko moja. Moja tu, nakurudishia dhamana yako ya kitanda, unabeba dodoki zako, unakwenda. Kuna mwanamke msuguaji wa mji wa Iksan, keshakuja kupima kitanda kwa kamba. Ana plastiki yake ya waridi ya kutandika, na haombi kitu ila ruhusa ya kufungulia redio."

Hilo la kamba ndilo lililomkata Sundeok maini. Kitanda kikishapimwa na mwingine, wewe unayekifanyia kazi ni mgeni.

Alikuwa msuguaji upande wa wanawake kwa karibu miaka ishirini. Kazi yenyewe haina siri. Mteja hujiroweka kwenye birika la moto mpaka ngozi ilegee, kisha hulala kitandani kama alivyozaliwa, naye Sundeok huvaa glavu yake ya kijani yenye kukwaruza na kumtoa nongo toka shingoni hadi kisiginoni. Kwanza chali. Kofi mbili pajani, mteja anageukia ubavu. Kofi mbili tena, kifudifudi. Kofi nyingine, ubavu wa pili. Hakuna anayesema "geuka". Kiganja ndicho kinachosema. Nongo zikitoka zinajiviringa kama tambi, na mteja mwenyewe akiziona huona haya, akasema, "Eti nilioga juzi tu," na Sundeok hujibu, "Wote huoga juzi."

Ndipo wakishalala kifudifudi, alipoanza. Hakuwa na haraka. Alianza na hali ya hewa, akaenda kwenye bei ya kabichi, akapitia watoto wa mteja, na kabla hujajua, uko na Zakayo juu ya mti. Uende wapi? Uko uchi, umelowa, uso umezama kwenye taulo, na mwanamke mwenye mikono kama ya mchimba kisima kakukandamiza kiuno. Mji mzima ulikuwa na utani wake: kwa Sundeok unalipia nongo, wokovu ni nyongeza. Alikuwa amemwahidi Mungu kwamba hatainuka mtu kwenye kitanda chake bila kulisikia Jina. Na ahadi hiyo aliitunza kama wengine wanavyotunza figo yao moja.

Yeye mwenyewe alikuja kuamini kwa shida. Alipokuwa kijana wa kiwanda cha viatu vya mpira, na mume aliyekuwa akiuza kila kilichomo chumbani isipokuwa ukuta, kulikuwa na jirani muuza keki za mchele aliyekuwa akimgongea mlango kila Jumamosi amwalike kanisani. Sundeok alimfukuza. Akamtukana. Jumamosi moja akamrushia maji ya kuoshea vyombo, na mifupa ya samaki ndani. Jumamosi iliyofuata, siku ya jua kali, yule mwanamke akaja na mwavuli, kaufungua kabisa, kasimama nao mlangoni. Sundeok akacheka mpaka akakaa chini. Alifungua mlango kwa sababu ya kicheko, imani ilikuja nyuma yake polepole kama mtoto mwenye kigugumizi. Tangu hapo alishika jambo moja: hakuna mtu aliyeikataa Injili, kuna ambaye hajasuguliwa vya kutosha.

Sasa kafungwa mdomo, na msimu ndio huo wa wateja wengi, kwa maana nani ataingia mwaka mpya na uchafu wa mwaka wa jana?

Asubuhi alipokwenda kwenye maombi ya alfajiri, alipiga magoti kwenye sakafu ya baridi akamwuliza Mungu kama anavyomwuliza mtu wa duka: "Nifunge mdomo au nifunge kazi? Chagua Wewe." Kodi ya chumba ilikuwa inakuja. Umri wake haukuwa wa kuanza upya kwenye hamamu nyingine, ambako wasichana wenye nguvu wanapanga foleni. Mungu hakuchagua. Mke wa mchungaji alipomsikia akamwambia awe na busara kama nyoka. "Nyoka!" Sundeok alisema akirudi nyumbani, barafu imeshika kwenye nywele zake mbichi. "Nyoka akikaa kimya ujue anatafuta pa kuuma."

Akakaa kimya. Alisugua. Kofi mbili, geuka. Kofi mbili, geuka. Kila mgongo uliopita chini ya glavu yake bila neno ulimwumiza kama deni. Aliomba moyoni, midomo imebanwa, na wateja wakamwona amefura kama mtu mwenye jino bovu.

Ukidhani walifurahi hujui wanawake. "Shemasi," mmoja alimwita kwa cheo chake cha kanisani, toka birika la moto, "leo Yesu yuko likizo?"

"Muulize aliye kidirishani," alijibu Sundeok.

"Jamani, mimi nilikuwa nimefika kwa Yusufu kisimani. Wiki mbili sasa kijana yuko shimoni! Mtamtoa lini?"

Wakacheka. Mwingine akasema, "Mtoe, Shemasi, atapata nimonia." Sundeok alimwagia mteja wake maji kwa kata, akajifanya hajasikia. Hakuweza kujua yupi anacheka tu na yupi katumwa. Mvuke ni mzito, macho yake bila miwani hayaoni mbali, na mtu akiwa uchi hana jina wala upande. Mama Jeongmi muuza tofu alikuwa akija kila siku, bega lake limeshapona, anakaa kwenye maji mpaka shingoni kama boga linaloelea, na masikio yote mawili yako juu. Hakuja kusuguliwa. Alikuja kusikiliza kama kutasemwa kitu.

Na Ijumaa akaja yule wa Iksan. Kanunua tiketi kama mteja, kaoga kama mteja, na alipomaliza akasimama kando ya kitanda, akakibonyeza kwa kidole.

"Kinazama katikati," alisema.

"Kimezama kwa kazi," alisema Sundeok.

"Nitaweka sponji jipya." Akaondoka akining'iniza ufunguo wa kabati mkononi kana kwamba ni wa nyumba nzima.

Siku ya kuamkia Mwaka Mpya hamamu ilijaa tangu asubuhi. Bibi kwa wajukuu, mama wakwe kwa wake wa watoto wao, maji yakimwagwa, watoto wakilia sabuni imewaingia machoni. Sundeok hakukaa. Alasiri ilipoingia, wengi wakaenda kupika, wakabaki wale wasio na haraka. Hapo mlango wa kioo ukasukumwa, akaingia Mama Hwanil, taulo begani, uchi kama wenzake.

Mazungumzo yalikatika. Mwenye hamamu hakuwa akioga na wateja. Yeye huoga alfajiri kabla ya kufungua, na kwa miaka mingi mwenzake alikuwa bibi mmoja mshona nguo, wakisuguana migongo, huyu wa huyu. Ndiyo desturi: sehemu ile ya mgongo ambayo mkono wako haufiki, anaifikia mwenzio, nawe unamrudishia palepale. Hakuna anayeondoka na deni la mgongo, sembuse kuvuka nalo mwaka. Lakini wakati wa majani kuanguka yule bibi alichukuliwa na mwanawe akaishi Incheon, na tangu majira ya mvua bega la kulia la Mama Hwanil lilikuwa limeganda, halipandi hata kwa kuchana nywele. Na kesho alfajiri alitakiwa asimame mbele ya meza ya tambiko ya marehemu mumewe. Asimame na nongo mgongoni?

Alipita birika la moto, akapita birika la baridi, akaja mpaka kitandani kwa Sundeok. Akapanda, akalala chali, akafumba macho.

Mama Jeongmi alisogea mpaka ukingo wa birika. Wawili waliokuwa wakijipaka chumvi wakaacha. Hata yule mtaniaji wa Yusufu kisimani alizima bomba lake ili asikie vizuri.

Sundeok alimimina maji. Akavaa glavu. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuugusa mwili ule. Akaanza kifuani, akashuka tumboni, mapajani, akisikia kwa masikio yake mwenyewe jinsi glavu inavyokwaruza, maana ndani hakukuwa na sauti nyingine. Akili yake ilikuwa ikipiga hesabu mbili kwa pamoja. Hatainuka mtu bila kulisikia Jina. Lalamiko moja tu. Hatainuka mtu. Moja tu. Akapiga kofi mbili, polepole, kama anayebisha hodi. Mama Hwanil akageukia ubavu. Akasugua ubavu, akazunguka bega lile bovu kwa uangalifu. Kofi mbili.

Mama Hwanil akalala kifudifudi.

Hapa ndipo. Kila aliyekuwemo alijua kuwa hapa ndipo. Mgongo ulikuwa mpana, na katikati, pale pasipofikika, palikuwa na kitu cheusicheusi cha miezi mingi. Sundeok akaanza pale. Akasugua. Akasugua. Hakusema kitu. Akajiambia, nitamwombea tu, Mungu anasikia hata kimoyomoyo. Akajiona anafanana na mtu aliyeshika mlango usifunguke.

"Mbona kimya?" ilisema sauti ndani ya taulo.

Glavu ilisimama. "Umenikataza, Bosi."

"Nimekukataza wateja wangu. Mimi nimekukataza lini?"

Sundeok aliminya maji toka kwenye glavu.

"Nikukataze lini, nawe hujawahi kuniambia?" Mama Hwanil hakuinua kichwa, lakini sauti yake ilipanda na vigae vikairudisha. "Karibu miaka ishirini, Sundeok. Umemhubiria muuza tofu. Umemhubiria mke wa diwani, na yule bibi kiziwi wa soko la samaki umemhubiria mpaka kalala usingizi. Ukimaliza unapita kwangu pale kidirishani, unasema, 'Kwaheri, Dada, kesho.' Kwaheri, Dada, kesho! Unawahubiria waliolala uchi wasioweza kukimbia. Mimi niliyekaa kwenye kiti, na nguo zangu, na funguo mkononi, hujanipa hata Amina. Huyo Yesu wako ananiogopa?"

Tone la maji lilianguka toka darini, likasikika.

Sundeok alijua kuwa huu unaweza kuwa mtego. Akinena, mteja aliye kitandani ndiye mwenye hamamu, na lalamiko likitoka halina pa kupitia wala kucheleweshwa. Mwanamke wa Iksan angeweza kufika kabla supu ya mwaka mpya haijapoa. Lakini lililomchoma halikuwa mtego. Lilimchoma kwa sababu ni kweli. Huo aliokuwa akiuita ujasiri, alikuwa akiutumia kwa waliokandamizwa kiuno tu. Yule muuza keki za mchele alisimama nje, mlangoni, mahali ambapo maji ya vyombo yanafika.

Akavua glavu.

"Inuka, Dada," alisema. "Keti."

"Hujamaliza mgongo."

"Nitamaliza. Keti kwanza. Mlango ule pale. Ukinichoka, ondoka."

Mama Hwanil alijiinua kwa mkono wa kushoto, akaketi ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia. Sundeok alichuchumaa chini mbele yake, kwenye maji ya sabuni, akawa mdogo.

"Hakuogopi Yeye, mimi ndiye niliyekuogopa wewe," alisema. "Nilisema moyoni, nikimgusa huyu nitakosa kitanda. Yesu hana kosa hapo. Kosa ni langu, na nimekunyima kitu ambacho hakikuwa changu."

"Kitu gani?"

"Usiku ule wa mwisho, kabla hawajamkamata, alivua joho lake, akajifunga taulo kiunoni. Akachukua beseni akawaosha wanafunzi wake miguu, mmoja mmoja."

"Bila sabuni?"

"Haikuandikwa."

"Endelea."

"Alipofika kwa Petro, Petro akakataa katakata. Wewe hutaniosha miguu mimi, hata milele."

"Kama mama mkwe wangu," alisema Mama Hwanil. "Ukimletea maji anakuuliza unataka nini."

"Akamwambia, nisipokuosha, huna sehemu kwangu. Basi Petro akageuka palepale: kama ni hivyo, Bwana, si miguu peke yake, na mikono, na kichwa!"

Toka birika la moto mtu aliguna kwa kicheko. Hata mdomo wa Mama Hwanil ulisogea. "Nawajua wateja wa namna hiyo. Kalipia miguu, anataka mwili mzima." Kisha akauliza, "Walikuwa wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Na yule aliyemuuza? Alikuwa keshatoka?"

"Alikuwemo. Akaoshwa naye."

"Hakujua, basi."

"Alijua, Dada. Alimshika kisigino huku anajua."

Mama Hwanil aliitazama miguu yake mwenyewe kwa muda mrefu. Watu wa pale walijua mumewe alikuwa mtu gani: aliweka hamamu hii rehani mara mbili kwa ajili ya mwanamke wa Busan, na mara zote mbili mkewe ndiye aliyeikomboa, kwa kuuza mayai na togwa na kulala kidirishani.

"Mimi nisingemwosha," alisema.

"Na mimi nisingemwosha," alisema Sundeok. "Ndiyo sababu namhitaji aliyemwosha."

"Kesho naweka meza ya marehemu. Nitainama kama kawaida. Usije ukafikiri."

"Sifikirii kitu, Dada. Nimekwambia tu. Nilichelewa."

"Umechelewa sana." Akajilaza tena kifudifudi. "Maliza."

Sundeok alivaa glavu, akaumaliza mgongo ule kwa kimya, na safari hii kimya hakikumuuma. Kofi mbili, ubavu wa pili, kisha maji ya vuguvugu toka shingoni, kata baada ya kata, mpaka nongo zote zikaelekea kwenye mfereji. Mama Hwanil akasimama. Mgongo ulikuwa mwekundu sawasawa, pande zote.

Mama Jeongmi hakuweza kuvumilia zaidi. "Vipi, Mama Hwanil? Kakuhubiria huyo! Sote tumesikia. Una lalamiko au huna?"

Mwenye hamamu alijigusa kiuno, akajipapasa ubavu, akapima. Sundeok alishika ukingo wa kitanda chake kilichozama katikati.

"Ninalo," alisema Mama Hwanil. "Nyuma ya goti la kushoto hajasugua vizuri."

Birika zima lilipasuka kwa kicheko. Sundeok alichukua kata, akalimwagia goti lile maji.

"Siku ya tatu ya mwaka ufungue mapema," Mama Hwanil alimwambia, kama anayetoa maagizo ya makaa. "Watu wakishakula sana hutaka kusuguliwa. Na usimshike mtu kwa nguvu ukimwambia mambo yako. Anayetaka kusikia aketi. Asiyetaka, msugue aende zake." Akaunyoosha mkono wa kushoto. "Nipe glavu."

"Ya nini?"

"Ya nini! Unataka niingie mwaka mpya na deni la mgongo, nikiwa na umri huu? Panda."

"Dada, bega lako..."

"Lala, nimesema."

Sundeok alipanda kwenye kitanda chake mwenyewe. Hakuwahi kukilalia. Kilikuwa na baridi, na kweli kilizama katikati, yule wa Iksan hakusema uongo. Akaweka uso kwenye taulo, na mkono wa kushoto wa Mama Hwanil, usiozoea kazi, ukaanza kumkwaruza vibaya, huku juu mno, huku chini mno.

"Mara ya kwanza alipoiweka rehani," alisema Mama Hwanil juu yake, "alinidanganya kuwa ni kwa ajili ya boila."

"Dada, hata Daudi..."

Kofi mbili zikatua pajani. "Daudi angoje. Sasa ni zamu yangu."

Sundeok akafumba mdomo. Akasikiliza habari za boila, na za mwanamke wa Busan, na za siku ya msiba ambapo mjane hakuweza kulia mpaka akaja kujifungia kwenye chumba cha mvuke ambako machozi hayaonekani. Hakutia neno. Mkono ule mzito ulienda na kurudi, ukafika polepole kwenye pale pasipofikika, ukakaa pale, ukasugua. Nongo zilitoka.

"Wote huoga juzi," alisema Mama Hwanil.

Akamwagia maji, kata tatu, ya mwisho ya baridi makusudi, Sundeok akaruka akipiga kelele.

"Haya," alisema, akimrudishia glavu. "Hatudaiani."